Uzi: Vitabu vilivyonilea mimi mwandishi wa wasifu na historia, na kwa nini vingi si vya wasifu wala historia

MWANZILISHI WA UZI

Wanajamvi, salaam.

Tangu kitabu changu cha pili kitoke, swali ninaloulizwa kuliko yote si la habari nilizoziandika bali ni la vitabu ninavyovisoma. Wengi hutarajia nitaje wasifu wa watu mashuhuri na vitabu vya historia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, na nikitaja shairi au kamusi huona kama ninakwepa. Nimeona heri nilijibu hapa kwa kirefu, ili anayetaka kuhoji ahoji na anayetaka kupinga apinge.

Ninaloliamini ni kwamba mwandishi wa mambo ya kweli hulelewa na vitabu vya namna mbili. Vipo vinavyomfundisha kutazama na kusema, na vipo vinavyomkataza kusema asilolijua. Vya kwanza nilivipata zaidi kwa washairi na watunzi wa hadithi. Vya pili nilivipata katika maandishi makavu ambayo watu wachache huyasoma kwa starehe. Aliyelelewa na upande mmoja tu hujulikana mapema katika kazi yake: ama anapamba asichokiona, ama anarundika tarehe mpaka msomaji anasinzia.

Nianze na shairi la kale la Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiutazama mji wa Pate uliokwisha kuporomoka, hakutosheka kusema kwamba utajiri umepita na wenye nyumba wamelala kaburini. Anamwingiza msomaji ndani, anamwonyesha madaka ukutani, yale yaliyokuwa yamepangwa sahani za thamani, na sasa humo wamelala makinda wa ndege. Ujanani nililisoma shairi hili kama mawaidha ya dini, na mawaidha ndiyo lengo lake. Miaka mingi baadaye, nikiandika sura kuhusu nyumba iliyohamwa na wenyewe, ndipo nilipotambua kwamba lile daka lilikuwa limenifundisha kazi. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima wa majonzi, nyumba imejaa simanzi, nyumba imepoteza fahari yake. Niliufuta wote. Nilirudi kwenye daftari la siku niliyoitembelea nyumba ile, nikakuta nimeandika kwamba misumari minne ya kutundikia picha ingali ukutani, na chini ya kila msumari rangi ya ukuta imebaki mbichi kwa umbo la fremu iliyoondolewa. Hiyo misumari minne ndiyo iliyoingia kitabuni, na sikuongeza neno la huzuni hata moja.

Wa pili ni Shaaban Robert, lakini si yule wa riwaya ambaye wengi tulimsoma shuleni. Ninamkusudia Shaaban wa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na wa Wasifu wa Siti Binti Saad uliotoka mwaka 1958. Katika tawasifu yake aliweka tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, na hakuomba radhi kwa kuchanganya nathari na ushairi katika kitabu cha maisha. Kwake yeye, yale aliyotaka kuwausia watoto wake yalikuwa sehemu ya maisha hayo sawa na kazi aliyoifanya na safari alizozisafiri. Katika wasifu wa Siti alimchukua mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyeanza kwa kufinyanga na kuuza vyungu, ambaye sauti yake ilikuja kurekodiwa Bombay mwaka 1928, akaona kwamba maisha ya namna hiyo yanastahili kitabu. Sisemi kwamba kila ukurasa unanikaa vizuri, kwani mara kwa mara Shaaban humwacha Siti akisubiri ili yeye atoe nasaha, na mimi hutamani amrudie mwimbaji. Hata hivyo, uamuzi wenyewe wa kuliandika jambo lile, na kuliandika kwa Kiswahili, ndio ulionipa ujasiri wa kuchagua watu wa kuwaandikia bila kungoja wawe na cheo.

Sasa upande wa pili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Anaanza akiwa na umri wa miaka 12, akifuata safari za karibu za biashara ya sandarusi, kisha anasonga mbele kwa mwendo uleule, safari baada ya safari, pembe baada ya pembe, vita baada ya vita, bila kupandisha sauti. Kitabu hiki ninakirudia kwa sababu mbili ambazo hazipatani. Kwanza, kinanifundisha jinsi kitenzi kinavyoweza kubeba habari peke yake, kwa kuwa mzee yule hapotezi neno. Pili, kinanifundisha kusikiliza kimya. Watu waliobeba pembe zile, na watu walioongozwa pwani wakiwa mali, wamo kwa hesabu tu. Sauti yao haisikiki. Msomaji asiyejiuliza nani hakusema katika kitabu kile amekisoma nusu, na mwandishi wa wasifu asiyejiuliza swali hilo kuhusu kitabu chake mwenyewe ana deni.

Pamoja na hicho ninaweka Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa mwaka 1903, ambamo sehemu kubwa ya maelezo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya mwaka 1896 ya kwenda Urusi hadi Siberia. Vyote viwili vilitayarishwa na Mjerumani Carl Velten. Ninapoisoma nchi inayoganda kwa baridi ikielezwa kwa maneno ambayo pwani ilikuwa nayo tayari, ninaona kwamba lugha haikosi maneno mpaka mwandishi akose subira.

Nimalizie na kisa cha kwangu, kwa kuwa bila hicho haya yote yataonekana nadharia. Katika rasimu ya kitabu changu cha kwanza nilieleza usiku ambao mtu niliyekuwa ninamwandikia aliondoka kwao. Niliandika kwamba mvua ilikuwa ikinyesha na kwamba alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kutoka. Mhariri hakusahihisha lugha wala alama za uandishi. Alipiga mstari chini ya neno mvua kwa penseli, akaandika pembeni maneno matatu: Nani alikuambia mvua? Nilipekua madaftari, nikasikiliza kanda za mahojiano kwa siku mbili. Hakuna aliyeniambia. Mvua ile nilikuwa nimeitoa katika riwaya, maana katika riwaya nyingi nilizozipenda mtu akiondoka usiku mvua hunyesha. Niliiondoa, na kile kisimamo cha mlangoni nikakiondoa pia.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mwandishi, ahsante kwa uwazi, lakini naona umejijibu mwenyewe bila kukusudia. Ikiwa mvua ya uongo iliingia kitabuni kwa mlango wa riwaya, busara si kuufunga mlango huo? Mimi ni mwalimu wa historia, na katika kazi za wanafunzi wangu ninakutana kila mara na urembo uliochukua nafasi ya ushahidi. Mwandishi wa mambo ya kweli asome nyaraka, asome taarifa za wakati ule, asome wenzake wa fani. Mashairi ayasome akistaafu.

MWANZILISHI WA UZI

Mwalimu, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Ni kweli mvua ilitoka huko. Lakini ile misumari minne nayo ilitoka huko, kwa kuwa bila lile daka la Al-Inkishafi nisingejua kwamba misumari ina thamani kuliko ukurasa wangu wa majonzi. Ningefunga mlango, vyote viwili vingebaki nje.

Niruhusu nimlete shahidi ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kupenda urembo. Mwanasayansi Charles Darwin, katika tawasifu aliyoiandika mwaka 1876 na ikachapishwa baada ya kifo chake, anaeleza kanuni aliyoiita ya dhahabu: kila alipokutana na jambo, liwe limechapishwa au ameliona mwenyewe, linalopingana na maoni yake, aliliandika papo hapo bila kukosa, kwa sababu alikwisha kuona kwamba mambo ya kupinga husahaulika upesi kuliko mambo ya kuunga mkono. Kanuni hiyo nimeinakili katika jalada la ndani la kila daftari langu. Lakini tawasifu ileile ina sehemu nyingine ambayo wanaomsifu Darwin mara nyingi huiruka. Anasema kwamba ujanani mashairi yalimpa furaha kubwa, na katika safari ya meli ya Beagle, iliyoanza mwaka 1831 na kwisha mwaka 1836, kitabu alichokipenda kukichukua alipoteremka nchi kavu kilikuwa Paradise Lost cha John Milton. Uzeeni hamu ile ilikufa. Alijaribu kumsoma Shakespeare akamchosha kupita kiasi. Aliona akili yake imekuwa kama mashine ya kusaga kanuni kutoka katika lundo la mambo, na akaandika kwamba kama angeishi tena angejiwekea sharti la kusoma mashairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki.

Mtu aliyetufundisha nidhamu ya ushahidi ndiye aliyeona kuyaacha mashairi ni hasara, tena hasara ya furaha na huenda hata ya akili na tabia. Kwa hiyo, mwalimu, ninaomba tusiwaambie vijana wayaache mashairi mpaka wastaafu. Darwin alipoyarudia uzeeni alikuta mlango umekwisha kujifunga wenyewe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sehemu hiyo ya Darwin sikuifahamu. Bado nitawaambia wanafunzi wangu nyaraka kwanza, ila neno "kwanza" nitalitamka kwa uangalifu zaidi.

MCHANGIAJI WA PILI

Shikamoo mwandishi. Mimi ninasoma sana lakini ninasahau sana. Nikimaliza kitabu, baada ya miezi sita ninakumbuka jalada tu. Wewe unavihifadhi vipi?

MWANZILISHI WA UZI

Marahaba. Tatizo lako lina mwenzi mkubwa. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa aliyeipa insha jina lake alipotoa kitabu chake mwaka 1580, alilalamika kwamba kumbukumbu yake ni mbovu mno hata iliwahi kumtokea akafungua kitabu akidhani ni kipya, kumbe alikwisha kukisoma na kukijaza maandishi yake pembeni. Dawa aliyoipata ilikuwa kuandika mwishoni mwa kitabu siku aliyokimaliza na hukumu yake juu ya kitabu hicho kwa ujumla.

Nimeifuata desturi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa penseli, katika ukurasa wa mwisho ulio mtupu. Faida yake kubwa imekuwa kunionyesha nilivyobadilika, zaidi hata ya kunikumbusha kilichomo. Katika nakala yangu ya maisha ya Tippu Tip kuna maandishi mawili. La kwanza, la ujana, linasema: "Kikavu. Hana hisia." La pili, lililoandikwa miaka kumi na moja baadaye kwa mkono ulioanza kutetemeka kidogo, linasema: "Hisia zimo katika anachokihesabu na katika anachokataa kukihesabu." Kitabu ni kilekile na mistari ni ileile. Katikati ya maandishi hayo mawili nilikuwa nimekaa na wazee wapatao arobaini nikiwahoji, nikajifunza kwamba mtu anayetaja bei ya kitu kwa usahihi baada ya miaka hamsini analia kwa namna yake.

Jambo jingine nililolipata kwa Montaigne ni ruhusa ya kuacha. Alisema kwamba akikutana na ugumu katika kusoma hajitafuni kucha. Hujaribu mara moja au mbili kisha huuacha. Mimi huacha pia, lakini huandika mwishoni ukurasa nilioishia na sababu, na mara mbili nimewahi kurudi nikakuta sababu ilikuwa uchovu wangu na si kitabu.

MCHANGIAJI WA TATU

Ninafanya kazi ya kukusanya ushuhuda wa watu waliopitia vita. Ningependa kujua ni nani unamsoma katika upande huo, na je, unayasoma maandishi yako mwenyewe kwa sauti? Nimeona wengine wakishauri hivyo.

MWANZILISHI WA UZI

Katika ushuhuda humrudia Svetlana Alexievich wa Belarusi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2015. Vitabu vyake vimejengwa kwa sauti za watu wengi, wanawake waliopigana Vita Kuu ya Pili, watu walioguswa na ajali ya nyuklia ya Chernobyl, na yeye mwenyewe huonekana kwa nadra. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakuficha chimbuko lake: amemtaja mara nyingi Ales Adamovich kuwa mwalimu wake, na Adamovich pamoja na wenzake wawili walikuwa wametoa mwaka 1975 kitabu cha ushuhuda wa wanakijiji wa Belarusi walionusurika vijiji vyao vilipochomwa moto na jeshi la Wanazi. Kwa hiyo ukimpenda Alexievich, mfuate aliyemfungulia njia. Ndivyo ninavyochagua vitabu vyangu vingi: ninamuuliza mwandishi ninayempenda ni nani aliyemlea, kisha ninapanda kwa mlezi wake. Mwandishi ambaye kila anachokisoma ni cha mwaka huu ananitia wasiwasi.

Kuhusu kusoma kwa sauti, naam, kila sura, na ikiwezekana asome mtu mwingine nami nisikilize. Mfano wangu hapo ni Rachel Carson wa Marekani, ambaye alikuwa mwanasayansi wa bahari na alipenda kuzisikia rasimu zake zikisomwa. Silent Spring, kitabu chake cha mwaka 1962, kinahusu dawa za kuua wadudu, na kimejaa vipimo na majina ya kemikali; lakini mwanzoni mwake aliweka maneno ya mshairi John Keats kuhusu ziwa lenye nyasi zilizonyauka na ndege wasioimba. Shairi moja lilimsaidia kusema kile ambacho kurasa zote zilizofuata zilikithibitisha. Mwalimu wetu wa historia, nakuomba ulitazame hilo pia.

MCHANGIAJI WA NNE

Umetaja kamusi mwanzoni kisha ukaiacha. Je, mtu husoma kamusi?

MWANZILISHI WA UZI

Husoma, na mimi ni mmoja wao. Ninayo ile ya padri Mfaransa Charles Sacleux, ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka mwaka 1939. Kifaransa changu ni cha kubabaisha, ila padri yule alionyesha neno ni la lahaja ipi, na alikuwa mjuzi wa mimea, hivyo miti na majani yamepewa majina yake ya kisayansi. Ninapoandika kuhusu shamba la mtu, sitaki kusema "miti mbalimbali" ikiwa mwenye shamba aliniambia majina yake moja moja. Jioni nisipokuwa na nguvu ya kuandika hufungua ukurasa wowote na kusoma hadi usingizi unichukue.

Aliyenitoa hofu ya kukiri penzi la namna hiyo ni Primo Levi, mkemia wa Kiitalia aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mwaka 1981 alitoa kitabu chenye vipande kutoka kwa waandishi 30 waliomjenga. Kinaanza na Ayubu wa Biblia, na humo yumo Homer, yumo Darwin, na hakuona haya kuweka pia maelekezo ya tahadhari kutoka katika kitabu cha maabara cha Ludwig Gattermann, alichokitumia alipokuwa mwanafunzi wa kemia. Nilipoona mwongozo wa maabara umekaa pamoja na Ayubu bila kujikunyata, nilielewa usahihi wa Levi unatoka wapi. Anapoeleza kambi ile, anaieleza kama mtu aliyefundishwa kwamba kosa dogo la kipimo linaweza kumuumiza jirani.

MCHANGIAJI WA TANO

Ndugu, mwisho wa yote, ukiambiwa ubaki na kitabu kimoja katika hivi vyote, utabaki na kipi? Na ni vitabu gani huvivumilii hata kidogo?

MWANZILISHI WA UZI

Nisivyovivumilia nivitaje haraka. Ni wasifu ambamo mhusika anawaza kichwani peke yake, usiku, bila barua wala shajara wala shahidi, na mwandishi anatuandikia mawazo hayo kana kwamba alikuwemo. Nikikutana na ukurasa wa namna hiyo huandika pembeni maneno matatu ya mhariri wangu, na ikiwa ukurasa unaofuata hauna jibu, hufunga kitabu.

Nitakachobaki nacho ni Desturi za Wasuaheli. Wapo wanaostahili kusifiwa kwa ustadi zaidi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, na pia ninakumbuka kwamba maelezo yake yalipitia mikononi mwa mhariri wa kigeni aliyekuwa na maswali yake mwenyewe. Lakini humo ninamkuta mtu anayewaeleza watu wake kwa lugha yao, hatua kwa hatua, nani anaitwa kwanza, nani analipwa nini, nani anasimama wapi, bila kuwaonea haya na bila kuwapaka rangi. Namna zote mbili za ulezi nilizozitaja mwanzoni ninazipata kwake mtu mmoja.

Nakala yangu iko mezani ninapoandika haya. Maandishi ya mwisho ya penseli nyuma yake ni ya mwezi uliopita, na yanasema: "Nimemaliza mara ya nne. Sehemu ya ngoma imenipita tena, sijui nyingine zilichezwaje. Nisome na mtu aliyezicheza." Nimekwisha kumpata mzee mmoja aliyekubali. Tutaanza wiki ijayo, mimi nikisoma kwa sauti na yeye akinikatiza.